Vyuo vya jamii vya Marekani: maswali kuhusu mafanikio yao na kozi zao mpya

Chuo cha jamii ni chuo cha namna gani?

Ni chuo, mara nyingi cha umma, kinachompokea karibu kila mtu aliyemaliza sekondari au aliyefaulu mtihani wa GED unaosimama badala ya cheti cha sekondari, bila kumchuja kwa alama. Hutoa vyeti vya miezi michache na digrii ya miaka miwili yenye krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 60 hivi. Siku hizi baadhi yake hutoa hata shahada ya miaka minne. Kikongwe kati ya vile vya umma vinavyoendelea hadi leo ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichofungua milango mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi sita. Jina la "chuo cha jamii" lilishika kasi baada ya tume ya Rais Truman kutoa ripoti yake mwaka 1947. Sasa vimepita 1,000, na California peke yake ina 116 vya umma.

Wapo wanaovidharau wakidhani ni mahali pa waliofeli. Jill Biden aliendelea kufundisha katika chuo cha jamii cha Northern Virginia hata mumewe alipokuwa rais.

Kila chuo kinatangaza "mafanikio". Nitajuaje yapi ni ya kweli?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye vyuo msemo huu haukusaidii, maana vyote vinajitembeza, kizuri na kibaya. Ukifungua ukurasa wa habari utakuta jengo jipya limezinduliwa, mkuu wa chuo ameshika mkasi na utepe mwekundu, na waliojiandikisha wameongezeka. Habari hizo zinahusu mlango wa kuingilia, nao haujawahi kufungwa. Wewe ulizia mlango wa kutokea: katika kila watu kumi walioingia, wangapi walitoka na cheti mkononi?

Hata hapo kuna mtego. Takwimu maarufu ya serikali kuu ya waliohitimu inawahesabu tu wanaosoma chuo kwa mara ya kwanza na kwa muda kamili, ikiwapa miaka mitatu kumaliza digrii ya miaka miwili. Lakini karibu theluthi mbili ya wanafunzi wa vyuo vya jamii husoma kwa muda usio kamili: asubuhi kazini, jioni darasani. Hao hawamo katika hesabu hiyo. Aliyehamia chuo kikuu kabla ya kuchukua cheti naye hahesabiwi kuwa amehitimu, ingawa amefika alikokuwa anaenda. Kwa hiyo chuo chenye asilimia ndogo si lazima kiwe kibaya. Tazama namba tatu kwa pamoja: waliohitimu, waliohamia vyuo vikuu, na kipato cha waliomaliza. Zote unazipata bure kwenye tovuti ya serikali ya College Scorecard, iliyofunguliwa kwa sura yake ya sasa mwaka 2015. Andika jina la chuo, kisha jina la kozi. Ukikuta kozi haina takwimu za kipato, mara nyingi ni kwa sababu waliohitimu ni wachache mno. Hilo nalo ni jibu.

Je, kuna mahali ambapo mambo yamebadilika kweli?

Kuna, na mfano ninaoupenda ni wa New York. Mwaka 2007 mfumo wa vyuo vya jiji, CUNY, ulianzisha mpango unaoitwa ASAP. Mwanafunzi anakubali kusoma muda kamili. Chuo nacho kinamlipia pengo la ada, kinamsaidia vitabu, kinampa kadi ya kupandia treni na basi, na kumpangia mshauri mmoja wa masomo ambaye lazima aonane naye mara kwa mara.

Watafiti wa MDRC, shirika la utafiti, waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu: kundi moja likapata mpango, jingine likaendelea kama kawaida. Wote walikuwa na kipato kidogo na walihitaji masomo ya kuwaweka sawa kabla ya kozi za chuo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Kwenye elimu ni nadra kuona tofauti kubwa namna hiyo. Vyuo vitatu vya Ohio vilijaribu mpango kama huo na matokeo yakafanana: 35 dhidi ya 19.

Kilichonigusa ni ile kadi ya treni. Mtu haachi chuo kwa sababu algebra imemshinda tu. Anaacha kwa sababu wiki ile hakuwa na nauli, akakosa vipindi viwili, akaona aibu kurudi, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza kulikoni.

Tuzo ya Aspen inayotajwa kwenye matangazo ni nini?

Ni tuzo ya vyuo vya jamii inayotolewa kila baada ya miaka miwili tangu 2011, na zawadi yake ni dola milioni 1. Waamuzi hawaangalii majengo. Wanaangalia wangapi wanamaliza, wangapi wanahamia na kumaliza chuo kikuu, wanalipwa kiasi gani baadaye, na kama wanafunzi wa kila asili wanafaidika sawa. Cha kwanza kushinda kilikuwa Valencia cha Orlando. San Antonio kilishinda 2021, Amarillo na Imperial Valley wakagawana 2023, na 2025 ikaenda kwa Southwest Wisconsin Technical College, chuo cha ufundi cha mji mdogo kabisa.

Amarillo, kule Texas, kina kisa chake. Viongozi walichambua takwimu za wanafunzi wao na kuchora sura ya mwanafunzi wa kawaida, wakampa jina Maria: mama anayefanya kazi, wa kwanza kufika chuo katika familia yake. Kisha wakaanza kujiuliza, kila uamuzi unaopitishwa, Maria atauonaje? Wakafungua stoo ya chakula na nguo, wakaweka fungu la dharura kwa ajili ya kodi ya nyumba au gari lililoharibika, na kufupisha mihula ya wiki 16 kuwa ya wiki nane. Mtu akibeba masomo mawili kwa wiki nane badala ya manne kwa wiki 16, likimkuta jambo anapoteza mawili tu.

Chuo kikiandika "tumeteuliwa" badala ya "tumeshinda", usikivunje moyo, ila fahamu kwamba kwa tuzo ya 2025 walioteuliwa hatua ya awali walikuwa 150.

Nitalazimishwa kuanza na hesabu za sekondari?

Zamani ungelazimishwa, hasa kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza. Unafanya mtihani wa saa moja kwenye kompyuta, unaambiwa hujaiva, unapelekwa kwenye masomo ya kujikumbushia yasiyo na krediti lakini unayalipia. Wengi walizama humo wasitoke tena. Tennessee ilianza mwaka 2015 kuwaingiza watu moja kwa moja kwenye kozi za chuo pamoja na kipindi cha ziada cha msaada, na California ikapitisha mwaka 2017 sheria ya AB 705, inayovitaka vyuo vitazame alama za sekondari badala ya kumhukumu mtu kwa mtihani mmoja. Katika majimbo mengine inategemea chuo. Ukipelekwa kujikumbushia, uliza kama kuna njia ya kuunganisha na kozi yenye krediti.

Kozi mpya zinazovuma sasa ni zipi?

Kwanza ni za kutengeneza chipu za kompyuta. Maricopa, mfumo wa vyuo vya eneo la Phoenix huko Arizona, ulianzisha mwaka 2022 pamoja na kampuni ya Intel kozi ya siku kumi ya ufundi wa awali wa chipu. Mwanafunzi alijifunza hata namna ya kuvaa ile suti nyeupe inayofunika mwili mzima, kwa sababu chembe moja ya ngozi inaweza kuharibu chipu. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuvutia viwanda vya chipu, na kampuni ya chipu ya TSMC ya Taiwan ilikuwa tayari inajenga hapo Phoenix.

Mazuri hayo, lakini Agosti 2024 Intel ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 15,000. Cheti cha siku kumi kinakufikisha mlangoni tu. Kiwanda kikisita kuajiri, hakina pengine pa kukupeleka. Afadhali mtindo wa chuo cha Lorain County, Ohio, ambako wanafunzi wa utengenezaji wa vifaa vya elektroniki vidogo husoma huku wakilipwa na waajiri, na wanaweza kuendelea hadi shahada kamili. Kozi fupi nzuri ni ile ambayo krediti zake zinapanda ngazi: kutoka cheti, kwenda digrii ya miaka miwili, kwenda shahada.

Pili ni akili unde (AI). Maricopa tena, ikishirikiana na Intel, ilianza digrii ya miaka miwili mwaka 2020, na Miami Dade kikafuata na shahada yake mwaka 2023. Sasa karibu kila chuo kina kitu chenye neno hilo kwenye kichwa. Soma orodha ya masomo ndani yake kabla hujajiandikisha. Ukikuta takwimu, lugha ya programu kama Python na mradi wa vitendo, sawa. Ukikuta masomo yaleyale ya zamani ya ofisi yamevalishwa jina jipya, ni hayohayo.

Vipi kuhusu uuguzi? Kila mtu ananiambia niende uuguzi.

Kwa digrii ya miaka miwili unaweza kufanya mtihani wa leseni, NCLEX-RN, uleule anaofanya mwenye shahada. Ugumu uko kwenye nafasi: chuo kinapokea wote, programu ya uuguzi haipokei wote. Unaweza kusoma anatomia na kemia mwaka mzima ukingoja foleni. Kabla hujaingia foleni hiyo, tafuta asilimia ya waliofaulu NCLEX kwa mara ya kwanza katika chuo hicho. Bodi za uuguzi za majimbo mengi huichapisha kwa kila shule.

Nimesikia Pell sasa inalipia kozi fupi. Ni kweli?

Ni kweli kuanzia Julai 1, 2026. Pell ni msaada wa serikali kuu usiorudishwa, kwa wenye kipato kidogo. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Zamani kozi ilibidi iwe ndefu kiasi, kwa kawaida wiki 15 na kuendelea. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imefungua mlango kwa kozi za wiki nane hadi chini ya 15, zenye saa 150 hadi 599.

Masharti yake ni makali, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya sheria hiyo: kozi lazima iwe na angalau asilimia 70 ya wanaomaliza na asilimia 70 ya wanaopata kazi, na gavana wa jimbo aiidhinishe. Kwa hiyo usiamini tangazo linalosema "Pell inakubaliwa" kwa kila kozi fupi. Iulizie ileile unayoitaka, kwa jina.

Wanaostahili Pell ni raia, wenye kadi ya kijani na makundi mengine machache, wakiwemo wakimbizi waliopokewa rasmi. Fomu inaitwa FAFSA na haina malipo. Mtu akikudai fedha ili akujazie, mwache na kalamu yake.

Kwa nini mshauri anasema nichukue krediti 15 wakati muda kamili ni 12?

Hesabu hii huwapita wengi. Kwa upande wa msaada wa masomo, krediti 12 kwa muhula zinatosha kukuita mwanafunzi wa muda kamili. Lakini 12 mara mihula minne ni 48, na digrii inataka 60. Zile 12 zilizobaki ni muhula wa tano, ada ya ziada na nauli ya ziada. Ukiweza 15, miaka miwili inabaki miwili. Ukiwa na watoto na kazi ya usiku, usijiue: chukua 12, ongeza somo moja wakati wa kiangazi.

Shahada ya miaka minne kutoka chuo cha jamii ina uzito?

Ina uzito uleule mradi chuo kina ithibati na kazi unayoilenga inaitambua. Hili si jambo geni kama linavyoonekana: Florida iliruhusu kwa sheria mwaka 2001, na California ilijaribu kwa vyuo 15 kuanzia 2014 kabla ya kuufanya mpango kuwa wa kudumu mwaka 2021, ikiruhusu hadi programu 30 mpya kwa mwaka. Nyingi ni za kazi mahususi: usafi wa meno, ufundi wa magari, usalama wa mitandao. Huko California hawaruhusiwi kurudufu shahada inayotolewa na vyuo vikuu vya umma, ndiyo maana hutaona pale shahada ya kawaida ya historia.

Nikianza hapa kisha nihamie chuo kikuu, krediti zangu zote zitakwenda nami?

Hapa ndipo ahadi nyingi hufia. Walio wengi wanaoingia vyuo vya jamii wanataka hatimaye shahada ya kwanza. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa thuluthi moja tu huhamia chuo kikuu, na asilimia 16 tu ndio huipata shahada ndani ya miaka sita. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilikadiria kuwa wanaohama vyuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

Krediti zinapoteaje? Mara nyingi zinapokewa, lakini zinawekwa kapu la "masomo ya hiari". Umesoma hesabu za biashara, chuo kikuu kinasema kwenye uhandisi wetu tunataka calculus. Karatasi inaonyesha krediti zako zimekubaliwa zote 60, na bado unaambiwa una miaka mitatu mbele yako. Ukisikia "krediti zako zinahamishika", swali la kumrudishia ni: zinahamia kwenye nini?

Kinga yake ni makubaliano ya maandishi. Valencia na Chuo Kikuu cha Central Florida wana mpango wa tangu 2006 unaomhakikishia nafasi mwenye digrii ya miaka miwili. California, kwa sheria ya 2010, ina digrii maalumu ya uhamisho inayokuhakikishia nafasi katika mfumo wa California State University, ingawa si lazima iwe kampasi unayoipenda. Chagua chuo kikuu unachokilenga katika muhula wa kwanza, chukua orodha yao ya masomo, na uipeleke kwa mshauri wako. Usingoje muhula wa nne.

Chuo cha bure ni cha bure kweli?

Ada, ndiyo, katika majimbo kadhaa. Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2014 na kundi la kwanza likaingia 2015. Massachusetts ilianza na wenye miaka 25 na zaidi mwaka 2023, ikafungulia wote 2024. Lakini mipango mingi hulipa kinachobaki baada ya Pell. Kama Pell imemaliza ada yako, mpango wa jimbo unaweza usikuongezee hata senti, na kodi ya nyumba, chakula na malezi ya mtoto vinabaki juu yako. Tennessee inadai pia saa nane za kujitolea kwa jamii kila muhula. Walioshindwa kuzitimiza kwa wakati wamepoteza msaada.

Mwanangu yuko sekondari. Anaweza kuanza sasa?

Anaweza. Karibu wanafunzi milioni 2.5 wa sekondari walisoma angalau somo moja la chuo mwaka 2022–23, wengi wao kupitia vyuo vya jamii. Ongea na shule yake, na umwambie mapema kwamba alama atakayopata inabaki kwenye rekodi yake ya chuo. D ya umri wa miaka 16 inamfuata akiwa na 20.

Niko nje ya Marekani. Naweza kuomba?

Ndiyo, kwa viza ya F-1, kwenye chuo kilichoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni; si vyote. Chuo kinakupa fomu ya I-20 baada ya kuonyesha kuwa fedha unazo. Pell huipati, ada ya wakazi wa jimbo kwa kawaida huipati, na kazi ni ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mtu akikuambia utajisomesha kwa kazi za nje tangu siku ya kwanza, anakupeleka pabaya.

Nilianza miaka ya nyuma nikaacha. Nikirudi nitaanza upya?

Mara nyingi la. Krediti za masomo ya jumla hukaa kwenye rekodi miaka mingi. Zinazochacha ni za sayansi na kompyuta, hasa kwa programu za afya. Mambo mawili huwakwamisha wanaorudi. La kwanza ni deni: kuna vyuo hukataa kutoa rekodi yako ya masomo mpaka ulipe faini hata ya maktaba, ingawa majimbo kadhaa, California ikiwemo, yamepiga marufuku kuzuia rekodi kwa sababu ya deni. Ulizia mpango wa kulipa kidogokidogo au wa kusamehe wanaorudi, havitangazwi sana.

La pili ni alama. Ukiwa ulitoweka bila kujiondoa rasmi, huenda una safu ya F, na msaada wa masomo husimamishwa kwa asiyeendelea vizuri. Husimamishwa, haufutwi. Andika barua ya rufaa kwa ofisi ya msaada: eleza kilichotokea, ambatisha ushahidi kama wa hospitali au wa kazi, na useme nini kimebadilika sasa. Ukurasa mmoja unatosha. Ipeleke wiki kadhaa kabla ya muhula kuanza, maana kamati haikai kila siku.